"Usilie, Haiumi"

Kuna uongo ambao karibu sote tumelelewa nao na hakuna anayeuungama: "Usilie, haiumi." Mtoto amelazwa, nesi anakuja na trei, mama au dada anasema haiumi, sindano inaingia. Inauma. Mwingine ni ule wa "nakuja sasa hivi, naenda kukununulia soda", halafu mtu haonekani mpaka jioni.

Tunajitetea kwamba ni kwa upendo. Mt. Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na hata ule wa kumsaidia mtu hakuuruhusu. Wengi humwona mkali mno. Lakini hebu tumfikirie mtoto wa miaka minne. Hajui dripu ni nini, cheti hawezi kukisoma. Habari zote za hospitali anazisoma usoni kwa mama. Ukimdanganya kuhusu sindano moja, umemharibia kipimo pekee alichokuwa nacho. Kesho ukimwambia "leo ni kupima joto tu", na ni kweli kabisa, atapiga kelele vilevile. Akuamini kwa lipi? Tena wengine tulishawatisha nyumbani: "Ukiendelea kulia, daktari atakuchoma sindano!" Tumemfanya daktari zimwi, halafu mtoto akiugua tunashangaa anamkimbia.

Sasa, kutodanganya si kumwaga kila kitu. Katekisimu yenyewe inatambua kwamba upendo ndio unaopima kama inafaa kusema jambo au kulinyamazia. Mtoto hahitaji jina refu la ugonjwa. Anahitaji kusikia: "Itauma kidogo, kama kung'atwa na siafu. Kulia ruhusa. Nitakupakata mpaka iishe." Na kweli umpakate, nesi akikubali, maana kumlaza chali na kumbana mikono kunamzidishia hofu. Imbeni, hesabuni pamoja. Ukitaka kuondoka, muage, hata kama atalia. Mwachie khanga yenye harufu ya nyumbani, mwambie utarudi wakati wa uji wa jioni, na uji ukifika uwe umefika.

Kwetu mama kulala wodini na mtoto ni jambo la kawaida, tunaweza kudhani ni hivyo kila mahali. Uingereza haikuwa hivyo. Mwaka 1952 James Robertson alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane huko London bila mama kukaa naye, na unamwona akinyong'onyea siku hadi siku. Wauguzi wengi walikuwa wakimsifu mtoto wa namna hiyo: ametulia. Alikuwa amekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ndipo ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao kwa uhuru.

Someni Marko 5. Yesu alipofika kwa Yairo aliwatoa nje waliokuwa wakipiga makelele, lakini baba na mama akaingia nao. Akamshika binti mkono, akasema naye Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao. Mtu atauliza: mbona aliwaambia watu kwamba amelala tu? Ndiyo, alisema amelala, kisha akaenda akamwamsha. Halafu akaagiza apewe chakula.