Kitoweo Kisicho Bei

Yako mambo mawili yanayompima mtu. La kwanza ni jinsi atendavyo mbele ya macho yanayomwangalia. La pili ni jinsi atendavyo mahali ambapo hapana hesabu inayowekwa. La kwanza lina wasimamizi wengi: sheria, walimu na askari. La pili halina msimamizi ila moyo wa mtu mwenyewe. Nataka, msomaji, tulitazame hili la pili kwa makini, nami nimechagua mfano mdogo wa mbali: meza ya mkahawa mdogo katika Korea ya Kusini.

Mikahawa ya namna hii ni mingi katika vichochoro vya Seoul na Busan na miji mingine ya nchi ile. Mara nyingi ina meza chache tu, na mpishi ndiye mwenye mali. Mgeni huagiza chakula kimoja, tuseme bakuli la mchuzi wa mifupa ya ng'ombe pamoja na wali. Kabla hajaanza kula, huwekewa vibakuli vidogo kadha wa kadha: kimchi, yaani kabichi iliyotiwa chumvi na pilipili ikaachwa ichachuke; figili; chipukizi za maharagwe; mboga za majani zenye mafuta ya ufuta; pengine na dagaa wa kukaanga. Vitoweo hivi huitwa banchan. Mgeni hakuviagiza, wala havitajwi katika hesabu atakayolipa. Tena kibakuli kikiisha aweza kuomba kingine, na kwa desturi hupewa pasipo kudaiwa.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Kitu nisichotozwa bei, nina wajibu gani juu yake? Je, ni halali yangu kukitumia nipendavyo, au kipo kipimo hata pale pasipo na mizani?

Mtu mmoja aweza kujibu upesi kwamba hapana cha bure duniani. Bei ya figili, atasema, imefichwa ndani ya bei ya mchuzi. Kwa hiyo mgeni amekwisha kulipa, naye ana haki ya kula mpaka achoke. Jibu hili lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwenye mkahawa alipopanga bei ya mchuzi alimfikiri mlaji wa kiasi. Mlaji akizidi kiasi kwa ulafi tu, ziada ile hailipwi na fedha zake. Hulipwa na mpishi aliyeamka alfajiri, au na wageni wengine ambao bei itapandishwa juu yao. Basi yeye adhaniaye kuwa anakula mali yake, kwa kweli anakula mali ya watu asiowajua.

Mwingine atasema kwamba vitoweo vile si ukarimu, bali ni chambo cha kuvuta wateja. Yamkini ni kweli. Lakini nia ya mtoaji haifuti wajibu wa mpokeaji. Mvua hainyeshi kwa kumpenda mkulima, na hata hivyo mkulima anayeacha maji yapotee bure hasifiwi kwa sababu hiyo.

Tena yafaa kukumbuka ni watu gani wanaotandika meza hii. Wakorea waliijua njaa. Walikuwa na jina la majira ya kuchipua, wakati akiba ya mchele ilipokwisha na shayiri ilikuwa haijaiva: waliyaita kilima cha shayiri, maana kuyavuka kulikuwa kama kupanda mlima bila nguvu. Vita vya 1950 hadi 1953 viliacha nchi katika ufukara mkubwa. Hata kuanzia 1969 serikali ya Korea ya Kusini iliweka siku mbili katika juma ambazo mikahawa ilizuiwa kuuza wali mchana, ili mchele usipungue. Na katika miaka ya 1970 mikahawa iliamriwa kutumia bakuli dogo la chuma la kipimo kimoja. Mpaka leo watu wa huko hujuliana hali kwa kuulizana kama wamekula. Na neno lao moja la jamaa wa nyumba, sikgu, limeundwa kwa maneno mawili: kula, na kinywa. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizi, kumjazia mgeni kibakuli mara ya pili si jambo dogo.

Nalo jambo hili lina gharama. Mwaka 2010 hali mbaya ya hewa iliharibu mashamba ya kabichi, na bei ikapanda mara kadhaa. Wenye mikahawa midogo walijikuta katika njia panda: kutoza kimchi ni kuvunja desturi, na kuitoa bure ni kupata hasara. Fikiri pia juu ya kinachosalia. Sheria ya nchi ile inakataza mabaki ya mgeni mmoja kuandaliwa mgeni mwingine, na ndivyo ipasavyo kwa afya. Basi kila unachokiomba usikile ni kazi ya mikono ya mtu inayokwenda jaani.

Utaniuliza: Mbona basi mwenye mkahawa asiweke bei juu ya kila kibakuli, ugomvi ukaisha? Hesabu ingenyooka, nami sitasema kwamba kufanya hivyo ni dhambi. Lakini tazama kitu ambacho kingepotea. Huingia mkahawani mchukuzi aliyebeba mizigo tangu asubuhi, ambaye fedha zake zinatosha bakuli moja tu la mchuzi. Leo aweza kuomba figili mara ya pili na ya tatu, naye hushiba bila ya kumweleza mtu yeyote kwamba ni maskini. Siku kila kitu kitakapoandikwa bei, atapaswa kuchagua kati ya njaa na kuomba. Kisichohesabiwa humsitiri mwenye haja. Na kinachowezesha sitara hiyo ni kiasi cha wale wasio na haja. Mwenye shibe akijizuia, mwenye njaa hupata. Mwenye shibe akifuja, mlango hufungwa kwa wote wawili.

Kutokana na haya naona kanuni moja. Mahali pasipo na hesabu, chukua kadiri ya haja yako, si kadiri ya ruhusa yako. Lakini kanuni hii ina mpaka: ni kipimo cha kujipimia nafsi, si fimbo ya kumpigia jirani. Ukimwona mwenzako akiomba kibakuli cha tatu, nyamaza. Hujui alikula lini mara ya mwisho.

Wafanya biashara wetu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni usemi wa kweli, nao ni onyo kwa mwenye mali. Mimi naugeuza uwe onyo kwa mtumiaji. Wewe mwanafunzi umezungukwa na vitu visivyo na daftari. Maji ya tangi la shule hayakuandikiwa jina lako wala la mwenzako. Kitabu cha maktaba hakikudai kodi kwa kila siku unayokiweka chini ya mto bila ya kukisoma. Mwalimu anayebaki darasani baada ya kengele ili akueleze hesabu usiyoielewa hatoi hati ya madai. Vitu hivi hudumu maadamu wanaovitumia ni watu wa kiasi. Vikifujwa, hufungiwa kufuli, na wa kwanza kuumia ni yule aliyevihitaji zaidi.

Desturi ya Korea humtaka kijana asishike kijiko kabla ya mkubwa wa meza kushika chake. Ni adabu njema, lakini hiyo huonekana, na asiyeifuata hukanywa papo hapo. Adabu ya kibakuli cha pili haina wa kukukanya. Ukiishika, hapana atakayekusifu, kwa kuwa hapana atakayejua. Ila mtu fulani usiyemjua, ajaye nyuma yako na njaa yake, atakikuta kibakuli kingali kinajazwa.