Tende mbili, prosesa mbili

Mwaka 2022, katika muda wa miezi minne tu, soko la kompyuta lilipata prosesa mbili zinazofanana kama mapacha. Januari, Intel ilitoa Core i5-12400F. Aprili, AMD ikatoa Ryzen 5 5600. Zote zina viini 6 na nyuzi 12. Zote zimeandikiwa wati 65. Zote hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi ya grafiki skrini hubaki nyeusi. Zote huuzwa kwenye boksi pamoja na feni yake. Katika gemu nyingi, tofauti ya kasi kati yao ni ndogo kiasi kwamba mchezaji haihisi. Hapo ndipo kijana anayejiundia kompyuta yake ya kwanza hukwama. Jioni ameshaamua, asubuhi ameghairi. Anatazama video za majaribio moja baada ya nyingine, na kadiri anavyojua zaidi ndivyo anavyozidi kushindwa kulipa.

Tatizo lake lina umri mkubwa kuliko umeme. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Alitaka msomaji amfikirie mtu mwenye hamu ya kula, mbele yake tende mbili zilizo sawa kwa kila hali: uzuri, ukaribu, wepesi wa kuchukuliwa. Hawezi kuchukua zote mbili. Je, atakaa akizitazama tu? La. Atachukua moja.

Ghazali hakuwa na shida ya chakula. Alikuwa akiwajibu wanafalsafa wa njia ya Ibn Sina, waliodai kuwa ulimwengu hauna mwanzo. Hoja yao ilikuwa kwamba nyakati zote zinalingana, hivyo Mungu asingekuwa na sababu ya kuumba wakati huu badala ya ule. Ghazali akasema kwamba kazi ya utashi ni hiyo hasa: kukitenga kitu kimoja na mfano wake pale ambapo akili haioni tofauti. Ikiwa binadamu anaweza kufanya hivyo mbele ya tende, vipi Muumba ashindwe?

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu kizima. Kuhusu tende jibu lake lilikuwa fupi na kali. Alisema mtu yule hapendelei tende moja kuliko nyingine; anapendelea kula kuliko kukaa na njaa. Mkono ukigusa yoyote, lengo limetimia. Ulaya baadaye ilipata kisa chake cha punda anayekufa njaa katikati ya mafungu mawili ya majani, kikabandikwa jina la Jean Buridan wa Paris, ingawa katika maandishi yake punda huyo hayumo.

Kwa kijana aliyekwama kati ya Intel na AMD, Ibn Rushd ndiye tabibu wa kwanza. Anamwonyesha kwamba anapima vitu visivyofaa. Tofauti kubwa iko kati ya kuwa na kompyuta mwezi huu na kutokuwa nayo, na kila wiki ya kusitasita inampeleka upande wa pili bila yeye kuchagua.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi, kwa sababu tende ni mbili na vipuri ni vingi. Prosesa, ubao mama, RAM, kadi ya grafiki, diski, pawa saplai, kesi: kila kimoja kina aina kadhaa, na kila uamuzi unagusa mwingine. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1978 na aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa akili bandia, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1950. Alisema kwamba binadamu hana muda wala uwezo wa kupima njia zote zilizopo ili apate iliyo bora kupita zote. Huweka kiwango kinachomtosha, kisha huchukua cha kwanza kinachokifikia. Simon hakuuona huo kuwa uvivu. Ndivyo kiumbe mwenye akili yenye mipaka anavyoweza kutenda kwa busara.

Misikitini na makanisani fundisho linalokaribiana na hilo huitwa kinaa. Mara nyingi linaeleweka vibaya, kana kwamba ni kuridhika na kibovu. Kinaa ni kuujua mpaka wa haja yako kabla ya kuingia dukani, maana ukishaingia, mpaka utawekewa na muuzaji.

Mpaka huo unaweza kupimwa. Skrini ya kawaida ya Hezi 60 huonyesha picha 60 kila sekunde. Kadi ya grafiki ikitengeneza picha 140, zaidi ya nusu haziwezi kuonekana kwenye skrini hiyo. Atakayenunua kadi ya RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599 na kula wati 450, kisha akaiunganisha na skrini ya aina hiyo kwa ajili ya gemu nyepesi, amelipia kitu ambacho macho yake hayatakiona. Wachezaji wenyewe walishalitambua hilo. Katika takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, kadi iliyokuwa kwenye kompyuta nyingi kuliko nyingine yoyote kwa miaka kadhaa, hadi 2022, ilikuwa GTX 1060. Ilitoka Julai 2016, tena haikuwa bora hata siku ilipotoka.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Methali hii ina nguvu, lakini inamhusu mtu ambaye tayari analijua shamba lake. Anayeunda kompyuta kwa mara ya kwanza mara nyingi bado hajalijua. Anajua majina ya vipuri, na hajajiuliza atacheza nini, kwenye skrini ipi, kwa saa ngapi. Swali la kusudi likijibiwa, orodha hupungua yenyewe. Kwa wengi Afrika Mashariki jibu huwa ni kompyuta ya ofisini iliyotumika ng'ambo, mfano Dell Optiplex, ikiongezwa kadi ndogo. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inatosheka na umeme huo bila waya wa ziada. Inabidi tu kupima kimo, kwa kuwa kesi nyembamba hukubali kadi fupi peke yake.

Kuna jambo ambalo Ghazali na Ibn Rushd hawakulazimika kuuliza kuhusu tende zao: zilitoka wapi?

Bati ndilo linaloshikilia viungo vya ubao mama. Dhahabu imepakwa kwenye pini. Tantali, inayotokana na koltani, huingia katika kapasita ndogo ndogo. Sehemu ya madini hayo hutoka Kivu, mashariki ya Kongo, ambako mchimbaji hupatana bei na mnunuzi kwa Kiswahili. Rubaya, katika Masisi, ni moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani, na Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo. Sheria zipo. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Marekani ya Dodd-Frank, ya mwaka 2010, kiliyataka makampuni yaliyo kwenye masoko ya hisa ya huko yatoe taarifa kuhusu bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni zake Januari 2021. Intel nayo ilitangaza Januari 2014 kwamba prosesa zake hazina madini yanayofadhili vita.

Tangazo hilo ni la heshima, lakini linahusu kipande kimoja tu. Ndani ya kesi kuna vipande saba au vinane vya watengenezaji tofauti, na mnunuzi wa rejareja hana njia ya kufuatilia kila chembe ya bati. Kuchagua boksi la Intel au la AMD hakumwondolei mtu dhamana hiyo. Kinachobaki mikononi mwake ni idadi ya vitu anavyonunua na muda atakaovitumia, na hilo si dogo. Kipuri kinachotumika miaka minane badala ya minne ni kipuri kingine ambacho hakikuhitaji kuchimbiwa.

Ukiangalia kwa jicho hilo, tende mbili zinaacha kulingana. Ubao mama wa B450, uliotoka 2018, unaweza kupokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 baada ya kusasisha programu ya BIOS iliyo ndani yake. Mwenye ubao huo, au anayeupata wa mtumba kwa bei nzuri, hana haja ya kusitasita: ameokoa ubao na RAM. Anayeanza bila chochote, na ubao wa Intel wa soketi ya LGA 1700 ndio ulio karibu naye, yuko sawa vilevile, kwani soketi hiyo inapokea hadi kizazi cha 14. Jibu linatoka kwa mtu na hali yake, wala halikuwahi kuandikwa juu ya boksi.

Mtumba nao una adabu zake. Ryzen ya soketi ya AM4 ina pini 1,331 chini ya tumbo; prosesa za LGA 1700 hazina pini, kwani pini zimekaa kwenye soketi ya ubao. Kwa hiyo kwa AMD kinachomulikwa kwa tochi ya simu ni prosesa yenyewe, na kwa Intel ni soketi. Pini moja iliyolala huonekana kama kivuli kilichokatika katika safu. Kwenye AM4 feni isivutwe moja kwa moja juu, maana dawa ya kupitisha joto iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja nayo. Mashine iwashwe kidogo ipate joto, izimwe, kisha feni izungushwe taratibu kulia na kushoto hadi iachie.

Muda wa kutumia, hata hivyo, hauamuliwi na mwenye mashine peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0, yaani kipengele cha usalama, na, kwa sehemu kubwa ya prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta nyingi za ofisini ambazo zingeweza kuwashwa miaka mingi zaidi zimewekwa nje ya mstari bila kuharibika. Linux ni njia mojawapo ya kuziokoa, hasa tangu Valve, kampuni yenye Steam, ilipotoa Proton mwaka 2018, programu inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa humo. Ila gemu ya mtandaoni ya Valorant haimo, kwa sababu mfumo wake wa kuzuia udanganyifu haufanyi kazi kwenye Linux. Anayecheza gemu za kandanda nje ya mtandao anaweza kubaki na mashine yake ya zamani. Anayecheza Valorant, akitaka kuhamia Windows 11 rasmi, atahitaji ubao wenye TPM 2.0 na prosesa inayokubalika, hata vya mtumba.