Stara ya Mhusika Asiye na Mwili

Mhusika wa katuni ya kompyuta mara nyingi hana mwili chini ya nguo zake. Katika katuni za vipande bapa vinavyounganishwa, shati lenyewe mara nyingi ndilo kiwiliwili. Mchoraji hachori kifua wala mgongo, kwa kuwa hakuna atakayeviona. Hata kwenye katuni za pande tatu, mafundi mara nyingi huficha au hufuta ngozi iliyofunikwa ili isichomoze nje ya kitambaa mhusika anapotembea. Akitakiwa avue sare ya shule avae gauni, mchoro mmoja huondolewa na mwingine huwekwa. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa sekunde: katika picha moja amevaa sare, katika inayofuata amevaa gauni, na baina ya hizo mbili hapakuwa na wakati wowote alipokuwa uchi. Binadamu anaweza kufunuliwa na upepo, au na mlango uliosahauliwa wazi. Mhusika hawezi. Uchi wake ukionekana, basi kuna mtu aliyekaa kitako, akaamua, akauchora. Kwa hiyo suala la stara, ambalo Biblia na Kurani hulitaja tangu habari za Adamu na mkewe, halimhusu mhusika hata kidogo. Linamwangukia mchoraji peke yake, naye hana udhuru wa bahati mbaya.

Watapinga wengine: kisicho na roho hakina aibu, basi fundi akivue na kukivisha apendavyo. Kwamba hakina aibu ni kweli. Lakini Wazaramo, wenyeji wa Temeke kabla jiji la Dar es Salaam halijatanuka huko, walimpa mwali aliyewekwa ndani mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akitunze na kukipaka mafuta kama mtoto. Hakuna aliyedhani mti ule unaona baridi. Aliyekuwa akifundwa ni mwali. Leo mtoto wa Mbagala au Tandale anafundwa na kioo cha televisheni. Tuliipokea katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, tukiamini kwamba watoto watajifunza hesabu kwa wahusika wa kuchorwa. Tukikubali kwamba wanajifunza kugawanya, hatuwezi kukataa kwamba wanajifunza pia adabu ya mwili.

Wapo Waislamu wanaoona kuchora viumbe ni haramu tangu mwanzo, kwa hadithi isemayo wachoraji wataamriwa kuvitia uhai walivyoviumba. Hoja hiyo ni nzito. Wanaoruhusu katuni za kufundishia hutaja wanasesere wa Bibi Aisha, ambao Mtume hakumkataza kuwachezea. Mimi naona pande zote mbili zinakutana mahali pamoja: aliyetengeneza ataulizwa. Na jicho lililozoea kuvua michoro halikomei kwenye michoro, maana sasa zipo programu zinazoivua nguo picha ya mwanamke halisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, lakini mara nyingi huikuta picha imekwisha kuenea. Nawaomba wachoraji wetu: mkifika kwenye tukio la kubadilisha nguo, mwingizeni mhusika chumbani, fungeni mlango, kisha mtoeni akiwa amevaa.