Takwimu ni Mali ya Nani?

Mtu anapoalikwa kujiunga na ushirika, hujiuliza kwanza atapata nini, kisha atatoa nini. Nilipoalikwa kujiunga na mtandao wa sayansi ya data wa Afrika Mashariki, unaowakutanisha watu wa maji, afya, elimu na kilimo, maswali hayo mawili hayakunisumbua. Lililonikosesha usingizi ni la tatu: hicho nitakachokitoa, je, ni changu?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitunza hesabu za maji na meno ya watoto wa shule katika vijiji vya Mlima Meru. Msomaji mgeni wa Arusha na aelewe kwamba miamba ya volkeno ya mlima huu hutia madini ya floraidi katika maji yetu. Shirika la Afya Duniani hushauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, lakini zipo chemchemi zetu zinazopita kiasi hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika, huota meno yenye madoa ya kahawia. Akinywa maji yaliyozidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huweza kudhurika.

Sasa tazama jinsi ujuzi ulivyogawanyika. Mhandisi anajua chemchemi ina floraidi kiasi gani. Daktari anajua meno. Mwalimu anajua mtoto ametoka kitongoji gani. Huko Ngurdoto wataalamu wamejifunza kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kila mmoja ana daftari lake, na kidole kimoja hakivunji chawa. Tena Bonde la Ufa halijui mipaka: watu wa Nakuru nchini Kenya, na wa bonde hilo kule Ethiopia, wana tabu hii hii. Kuweka madaftari pamoja katika kompyuta na kuyatafutia maana ni jambo jema lisilo na ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye umiliki. Hapa Kaloleni lipo jengo, ambalo sasa ni makumbusho, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Swali kubwa la siku zile lilikuwa nani amiliki njia kuu za uchumi. Walitaja ardhi, viwanda na mabenki. Hakuna aliyefikiri kuitaja hesabu ya meno ya mtoto. Leo hesabu kama hiyo hutafutwa na vyuo na makampuni, nayo ikishatoka kijijini, mwenye kijiji haioni tena.

Wenzangu wengine hunijibu kwamba takwimu zikiondolewa majina hazina mwenyewe. Kweli, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo humlinda mtu mmoja mmoja. Lakini futa jina la mtoto, acha jina la chemchemi, na kila mtu atajua ni watoto wa wapi. Wapo vijana wa huku wanaoziba mdomo kwa mkono wanapocheka. Kijiji kizima chaweza kuaibishwa bila jina la mtu hata mmoja kutajwa.

Je, basi nifungie daftari kabatini? Hapana. Nikikaa nalo, mikono yangu itabaki safi, lakini mtoto ataendelea kunywa maji yale yale. Kunyima nako kuna mtu anayekulipia, na huyo si mimi.

Nimepata mwanga katika mifereji ya Meru. Wazee Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kushusha maji mashambani tangu kabla ya Wajerumani. Maji si ya mtu mmoja, ila zamu ni ya yule aliyejitokeza kuchimba na kusafisha. Wa juu haruhusiwi kuyaziba yote yasimfikie wa chini. Ushirika wa kweli ndio huo: kila anayechota ana wajibu, na wa chini hasahauliki.

Kwa hiyo nilijiunga, nikaweka masharti matatu. La kwanza, jina la chemchemi wajulishwe wenye uwezo wa kuitengeneza. Wengine wote wapewe namba tu. La pili, anayetaka kutumia takwimu aseme kwanza ni kwa kazi gani. La tatu, majibu yarudi katika mkutano wa kijiji, kwa lugha ya wanakijiji, kabla ya kuchapishwa popote.

Mawili yalikubaliwa. La tatu bado tunabishana. Wenzangu, nao ni watu wa nia njema, wanasema mikutano itachelewesha utafiti kwa miezi. Hilo nalikubali. Lakini mama aliyeruhusu mwanawe afunguliwe mdomo na mgeni mwenye kalamu amesubiri jibu kwa miaka. Ikiwa lazima mtu asubiri, sioni kwa nini awe yeye tena.