Sura Ndani ya Chumba cha Giza

Tumeulizwa kutoka Ngoliba: je, picha ya kamera si uchawi wa Wazungu? Twajibu: sivyo kabisa. Ibnul-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, alipitisha nuru ya jua lililopatwa katika tundu dogo la chumba cha giza, akaiona sura yake ukutani kama hilali. Lakini sura ile haikukaa. Kitabu chake cha nuru Wazungu wakakifasiri, sisi (ole wetu!) tukakifunika. Mfaransa Daguerre akafukiza bamba la fedha kwa mvuke wa aidini, kisha zebaki. Sura ikakaa, ikatangazwa mwaka 1839. Baina ya 1846 na 1848 Kapteni Guillain akakileta chombo hicho pwani yetu. Katika waliokaa mbele yake, wangapi walijua habari ya Basra?