Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 17: Zamu ya mzee



Mzee kala daku na wanawe. Saa tatu asubuhi anauliza, "Mbona leo hamjanipa chakula?" Anaelezwa ni Ramadhani, anakubali. Muda si mrefu anauliza tena.

Jamani, huyo si mkaidi, wala hajarogwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, uliwakuta nao wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Na Surat An-Nahl, aya ya 70, imeshatueleza kuwa wapo watakaofikishwa umri dhaifu kabisa, wasijue tena walichokuwa wakikijua.

Mpelekeni hospitali, maana wakati mwingine ni maambukizi au dawa zinamchanganya, na hayo yanatibika. Ikiwa akili imemwondoka, mpeni chakula. Kalamu imeinuliwa kwake, hadaiwi funga. Fidia ni ya mzee mwenye akili timamu ambaye mwili umemshinda.

Mtihani uko kwa watoto. Mmoja yuko Arusha anatuma hela. Mwingine yuko Mang'ola kwenye vitunguu. Dada mmoja kabaki Endabash: anamwogesha, anafua mashuka, halali usiku mzee asije akatoka. Idi ikifika, wote wanakuja kumkosoa yeye! Hela ni jambo jema, lakini hela haimgeuzi mzee kitandani. Surat Al-Israa, aya ya 23, inayokataza hata kumgunia mzazi aliyezeeka, haikumsemesha binti peke yake.

Ipo filamu ya Marekani ya mwaka 2007, The Savages. Kaka na dada wanapata habari kuwa baba yao akili inamtoka, na baba huyo hakuwalea vizuri. Wanagombana, wanalaumiana, lakini wanakwenda wote wawili kumchukua. Sisi tunaokumbushwa haki ya mzazi kila Ijumaa tunashindwa nini?

Amali ya leo: kabla ya futari, wapigie ndugu zako. Pangeni zamu, ziandikwe. Nani atalala na mzee? Nani atampeleka hospitali? Kumi la mwisho linaingia. Nani atampokea dada naye aende Tarawehe?

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utuunganishe katika kuwatumikia. Aamiin.

Mtumie na nduguyo aliye mbali.