Kutamani au Kustaajabu?

Juzi baada ya ibada nilimwambia dada mmoja wa kwaya, "Dada, natamani hiyo sauti yako." Nilidhani namsifu. Nilipofika nyumbani neno likanirudia: si kutamani ndiko kulikokatazwa katika amri ya kumi? Na kusema ukweli, alipokuwa akiimba mimi sikuwa namwabudu Mungu. Nilikuwa najiuliza mbona maikrofoni hainifikii.

Waingereza hapo husema admiration, neno la asili ya Kilatini, na mwanzoni lilikuwa kustaajabu tu. Katika Biblia yao ya 1611, Ufunuo 17:6, Yohana ana hiyo admiration akimwona mwanamke aliyelewa damu ya watakatifu. Hapo hakuna sifa, ni mshangao mtupu! Letu, staajabu, lilitoka Kiarabu pamoja na ajabu.

Yesu naye alistaajabia imani ya akida, mtu wa Mataifa (Mathayo 8:10), akaitangaza mbele ya wote waliomfuata. Mimi yule dada nilimnong'oneza pembeni, watu wasisikie.

Jumapili nitamtafuta tena.